Mlima Haumo Kwenye Hati

Aibu mbichi kuliko zote mjini Moshi ni ya mwenye nyumba aliyewaalika wageni waje kuuona mlima. Wamefika saa nne asubuhi, wamepangwa barazani kwenye viti vinavyotazama kaskazini, soda zimefunguliwa, na mwenyeji amesimama mbele yao amenyoosha kidole kuelekea wingu. “Uko pale,” anasema. Wageni wanakodoa macho. “Shemeji, pale wapi?” “Pale pale, nyuma ya hilo wingu. Asubuhi ulikuwepo.” Kauli hiyo ya mwisho ndiyo inayouma, maana kitu chenye kimo cha mita 5,895, ambacho hakijawahi kusogea hata hatua moja, sasa kinaombewa udhuru kwa kutokuwepo nyumbani. Wageni wenye adabu hulipiga picha wingu. Wasio na adabu huuliza kiwanja kilinunuliwa shilingi ngapi, na kwa nini kilikuwa ghali kuliko cha mtaa wa pili wenye maji na lami. Swali hilo linastahili jibu, na dalali, ambaye ndiye alipaswa kulijibu, hapokei tena simu.

Dalali hakuhitaji maneno mengi siku ya kuonyesha kiwanja. “Bosi, hapa ukifungua dirisha tu unapokelewa na Kibo, kilele chenyewe cha Kilimanjaro.” Mbele ya sentensi hiyo hoja zote za maana hulegea: maswali ya bomba la maji, ya nguzo ya umeme, ya barabara inayogeuka mto wakati wa masika. Mimi nashikilia kwamba sentensi hiyo haina kitu ndani yake hata ikisemwa na dalali mwaminifu kuliko wote. Mandhari ya mlima hutegemea mambo matatu: saa, hewa na ardhi ya watu wengine. Muuzaji hana hata moja kati ya hayo, kwa hiyo hawezi kumkabidhi mnunuzi. Anayechagua pa kuishi kwa ajili ya mlima analipia mali iliyo mikononi mwa majirani na mawingu, na risiti anaandikiwa na mtu wa tatu.

Tuanze na saa. Wingu la Kilimanjaro lina ratiba, na ratiba hiyo inavutia kiasi kwamba mtu akiielewa anaweza kusahau kuwa ndiyo inayompora. Jua linapochomoza, miteremko hupata joto mapema kuliko hewa iliyo mbali nayo katika kimo kilekile. Hewa inayogusa miteremko inakuwa nyepesi, inaanza kuupanda mlima, tena bila kulipa ada ya hifadhi. Njiani inapita juu ya kahawa na migomba, kisha inaingia kwenye mkanda wa msitu unaoanzia yapata mita 1,800, na kote huko inachota unyevu. Kadiri inavyopanda, kanieneo inapungua, hewa inatanuka, na kutanuka huko kunaipoza kwa karibu nyuzi moja ya Selsiasi kila mita 100. Hatimaye inafika mahali isipoweza kuubeba mvuke wote ilionao. Mvuke unageuka matone, matone yanakuwa wingu, na wingu linajifunga kiunoni mwa mlima, katikati kabisa ya macho ya mtu wa Moshi na kilele anachokilipia. Usiku mambo yanapinduka: miteremko inapoa, hewa nzito inateremka, wingu linapungua. Ndiyo maana kilele huonekana alfajiri mpaka saa mbili au saa tatu, hutoweka mchana, na mara nyingi hujitokeza tena jua likikaribia kuzama. La kuudhi zaidi ni kwamba kule juu penyewe mara nyingi hakuna wingu lolote. Mpandaji aliyefika mita 5,000 saa sita mchana ana anga ya buluu kichwani na tandiko jeupe miguuni. Mlima uko wazi. Aliyefunikwa ni mwenye kiwanja.

Sasa iweke ratiba ya wingu kando ya ratiba ya mwenye nyumba. Saa kumi na mbili asubuhi bado giza. Saa moja anatafuta soksi. Saa moja na nusu yuko barabarani, mlima uko kwenye kioo cha nyuma cha gari, na anayemtazama kwa kioo hicho ni bodaboda anayetaka kumpita. Anarudi jioni, kilele kimejitokeza kwa dakika chache za mwisho, naye yuko getini anapiga honi. Waliouona mlima siku hiyo ni dada wa kazi aliyekuwa akiosha vyombo uani, watoto wanaosubiri gari la shule, na mlinzi wa usiku. Mlinzi hasa ndiye mmiliki halisi wa mandhari hiyo, kwa kuwa ndiye pekee anayelipwa mshahara ili awe macho saa ambazo mlima uko kazini. Na ramani ya nyumba inazidisha dhuluma. Nyumba zetu hutazama barabara, kwa sababu sebule ni ya kuonekana na wapita njia kabla ya kuwa ya kukaliwa. Kiwanja kikiwa upande wa kaskazini wa barabara, sebule inageukia kusini, kwenye vumbi na duka la mpesa, huku upande wa mlima ukiachiwa jiko, stoo na choo cha wageni. Kwa hiyo kuna nyumba za fedha nyingi kabisa ambazo Kibo inaonekana vizuri kutoka mahali pamoja tu, kwenye kidirisha cha juu cha choo, na kidirisha hicho kimewekwa kioo cha ukungu ili mlima usichungulie.

Watetezi wa kiwanja watasema: basi tuvumilie mawingu, maana yana msimu. Ni kweli yana msimu, ila kalenda nayo haiko upande wao. Januari na Februari mlima hutoka vizuri. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hufunga. Juni hadi Agosti, watu wa mbali wanapodhani kiangazi kimeleta anga safi, upande wa kusini hupata asubuhi nyingi za baridi na wingu zito la kijivu. Kuna kanuni ya ndani zaidi ambayo dalali haitaji kamwe, nayo ni kwamba uzuri wa upande wa kusini umetokana na kitu kilekile kinachoficha mlima. Katika msitu wa upande huo mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ndizo zinazolisha mifereji ya Wachagga, migomba, kahawa, na mito kama Weruweru na Karanga ambayo maji yake huishia bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani. Ukivuka hadi uwanda wa Amboseli, kaskazini, mvua hushuka hadi yapata milimita 350. Huko mlima unaonekana sana, na sababu ni kwamba hakuna maji hewani ya kuuficha. Anayetaka bustani ya kijani na kilele cheupe kwenye dirisha moja anataka mvua inyeshe shambani kwake bila kupitia angani kwake.

Hata hivyo wingu lina huruma, kwa kuwa huondoka. Kinachobaki ni hesabu, na hesabu hii inashangaza kiasi kwamba ningependa walimu wa sekondari waitumie badala ya ile ngazi yao isiyochoka kuegemezwa ukutani. Moshi mjini ni kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kibo kiko mbali kwa kilomita 30 hivi kwa mstari ulionyooka. Maana yake mlima umeinuka mita 5,000 kwa umbali wa mita 30,000: moja kwa sita. Nyoosha mkono, kunja ngumi, ilinganishe na upeo wa macho: ngumi hiyo, toka chini hadi juu, inatosha kuufunika mlima mrefu kuliko yote Afrika. Sasa itumie hiyo moja kwa sita kwa kila kitu kilicho mbele ya baraza. Chochote kilicho mita 6 kutoka jichoni kinahitaji kulizidi jicho kwa mita moja tu ili kuufuta mlima. Kilicho mita 3 kinahitaji nusu mita. Kanga iliyoanikwa hatua nne mbele ya kiti chako inafuta barafu, miamba na msitu, na kukuachia jina la kanga ulisome mpaka jioni.

Chukua sasa kiwanja cha kawaida cha ishirini kwa ishirini. Mwenye nyumba amesimama barazani. Sakafu ina nusu mita, naye ana macho yaliyo mita moja na sentimita 60 juu ya nyayo zake. Jirani wa kaskazini, mita 20 mbele, anajenga nyumba isiyo na ghorofa, kuta za mita 3, na juu yake paa la msauzi lililosimama mita 2 na nusu. Jumla ni mita 5 na nusu. Toa urefu wa jicho, gawanya, na utaona paa limelizidi jicho kwa mita 3 na ushei, ambayo ndiyo hasa moja ya sita ya mita 20. Mlima umekwisha. Haikuhitajika ghorofa, wala chuki, wala tajiri kutoka Dar es Salaam. Imetosha kenchi, bati, na fundi anayeamini kwamba paa lisiloonekana toka stendi si paa. Tena jirani wa mbele anaweza kuwa hana hatia hata chembe, kwa sababu mara nyingi anayeumaliza mlima ni mwenye nyumba mwenyewe. Akishahamia, jambo la kwanza ni uzio. Ukuta wa mita 2 na nusu, ukiwa mita 5 kutoka kwenye kiti cha baraza, unalizidi jicho la aliyekaa kwa karibu mita moja, na hesabu ilihitaji sentimita 83 tu. Kwa hofu ya wezi amejifungia pamoja na tofali zake, na mlima umebaki nje pamoja na wezi.

Atakayeona nimetia chumvi na awatazame Wajapani. Mwezi Mei 2024, mji wa Fujikawaguchiko ulichoshwa na watalii waliokuwa wakijazana barabarani kupiga picha mlima Fuji ukiwa umechomoza juu ya duka dogo. Halmashauri haikuita wanajeshi. Ilitandika pazia jeusi lenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2 na nusu, kimo kilekile cha uzio wetu, na mlima wenye mita 3,776 ukaondoka kwenye picha. Watalii nao hawakukata tamaa, wakalitoboa pazia matundu ya kupitisha kamera. Watu wa Moshi wamekuwa wakitimiza kazi hiyohiyo kwa miaka mingi, kwa gharama zao wenyewe, kwa tofali za saruji ambazo hazitoboki.

“Basi napanda juu,” anajibu mwenye fedha. Anaweka ghorofa moja. Pingamizi hili lina nguvu zaidi, kwa sababu mita 3 za ziada hurudisha mlima mara moja, kwa moja kwa sita ileile iliyouondoa. Ila kilichomwezesha yeye kinamwezesha na jirani, na jirani wa mbele ana faida ya kudumu: yeye akiongeza ghorofa anamfunika wa nyuma, wa nyuma akiongeza hamfuniki yeye. Ni mashindano ambayo mmoja anakimbia na mwingine anasogeza mstari wa mwisho. Dalali analijua hilo, ndiyo maana ana jibu tayari: “Cha mbele ni cha mtu yuko Marekani, huyo hajengi leo wala kesho.” Mtu aliye Marekani ndiye wa kuogopwa kuliko wote. Anajenga kwa WhatsApp, hela inatumwa mwisho wa mwezi, mdogo wake anasimamia, ghorofa zinaongezeka kwa sababu kila picha inayotumwa inaonekana nyumba bado fupi, na mwenyewe atakuja kuilala wiki mbili za Desemba. Kwa wiki 50 zilizobaki, chumba kitupu kitakuwa kinautazama mlima kwa niaba yake.

Mwenye kudhulumiwa hukimbilia sheria, na hapo hukuta mlango umefungwa zamani sana. Mwaka 1610, huko Uingereza, mtu aliyeitwa William Aldred alimshtaki jirani yake kwa kujenga banda la nguruwe lililojaza nyumba yake uvundo. Alishinda. Lakini katika kuieleza hukumu, majaji walitenganisha mambo: hewa safi na mwanga ni mahitaji, na anayeyaziba anashtakiwa, kutazama mbali ni starehe tu, na anayeiziba starehe ya mwenzake hana kesi ya kujibu. Tanganyika ilirithi kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mtazamo huo wa miaka ya 1600 ulikuwemo kwenye mzigo. Kwa maneno mengine, jirani akifuga nguruwe unaweza kufungua kesi. Akijenga ghorofa, mpongeze. Na Moshi, mji ambao kitimoto ina heshima zake, hata kesi ya nguruwe ingekawia kupata shahidi. Ukirudi kwenye karatasi zako mwenyewe utaona ukimya uleule. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na raia hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Hati inataja namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa, matumizi na masharti ya kodi. Bikoni zinaonyesha mwisho wa mali yako upande wa kaskazini, na mlima uko ng'ambo ya bikoni. Kila kilichoifanya bei ipande hakimo ndani ya waraka uliolipiwa.

Kuna wanaosema tatizo ni kung'ang'ania mjini. Wahamie karibu na mlima wenyewe. Ushauri huu unamshangaza kila aliyezaliwa Kibosho, Machame au Marangu, ambako kuukaribia mlima ndiyo njia ya uhakika ya kuukosa. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kiko mteremkoni, ndani ya migomba na mikahawa, chini ya migrevilea, katikati ya makorongo mawili. Jicho likitazama juu linakutana na mgongo wa kilima cha jirani, na nyuma yake mgongo mwingine. Wakazi wake wanaishi juu ya Kilimanjaro, na wengi wao lazima washuke mpaka barabara kubwa ndipo wakione wanachokaa juu yake. Vilevile kihamba cha jadi hakikuchaguliwa kwa ajili ya kutazama. Kilirithiwa, kilizikiwa wazee, kilipitiwa na mfereji, na hizo zilikuwa sababu tosha. Wengine wanashauri kinyume, kwamba tuhamie mbali. Amboseli, kama kilomita 45 kutoka Kibo, uwanda ni tambarare na mlima unasimama wazi, na hapo ndipo ukweli mchungu unapotufikia: mlima ni wa Tanzania, picha ni ya Kenya. Wapo wanaolaumu zawadi ya siku ya kuzaliwa ambayo Malkia Victoria eti alimpa mjukuu wake Kaiser. Hadithi hiyo ni tamu, ila makubaliano ya Waingereza na Wajerumani yaliyoupinda mpaka kaskazini mwa mlima ni ya 1886, na mjukuu alitawazwa 1888. Wazungu wale waligawana udongo. Hakuna aliyekumbuka kugawa upande wa kutazamia, kwa hiyo Kenya ikaupata bure, kiwanja cha mbele kuliko vyote, kisicho na jirani wa kujenga.

Walio mbali zaidi wana taabu za kwao, na hazihitaji maneno mengi. Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kibo, mviringo wa dunia peke yake unameza karibu kilomita 3 za kimo, na kinachosalia ni chembamba kuliko mwezi mpevu. Mlima Kenya uko karibu zaidi, kama kilomita 140, lakini picha zake nyuma ya majengo ya jiji ziliposambaa, watu wengi walibishana kama si za kuchezewa, na wabishi wengine walikuwa wakazi wa jiji hilohilo. Arusha ina Meru yenye zaidi ya mita 4,500, na wingu lake linafuata ratiba ileile. Na barafu yenyewe, ambayo dalali huitaja kana kwamba imo kwenye bei: kufikia 2007, karibu asilimia 85 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 ilikuwa imeshatoweka.

Pingamizi la mwisho ndilo la heshima kuliko yote, nalo linasema: mtu hanunui hakika, ananunua nafasi. Hata kama mlima unajitokeza asubuhi chache tu, asubuhi hizo zina thamani isiyopimika kwa skwea mita. Nakubali thamani hiyo kwa moyo wote, na hapo ndipo kicheko kinapoanza kunikauka. Kama asubuhi hizo zina thamani kubwa kiasi hicho, kwa nini tumekubali zigeuke bidhaa ya mwenye ghorofa ndefu? Kila jengo linalopanda kwa ajili ya mlima linakata kipande cha mlima kutoka kwa wote walio nyuma yake, halafu linakiuza. Tumefika mahali ambapo mtu hupanda lifti hadi kwenye paa la hoteli, hununua soda kwa bei ya mara nne, na kulipia kwa glasi kile ambacho babu yake alikiona bure akipeleka ng'ombe mnadani. Mtoto wa mtaa uliobanana, aliyezaliwa kilomita 30 kutoka Kibo, anaufahamu mlima huo kwanza kwenye kalenda ya ukutani na lebo ya chupa ya bia. Maeneo ya wazi, ambayo yangeweza kuwa baraza la mji mzima, katika miji yetu mingi yamemegwa kidogo kidogo, leo kibanda, kesho fremu za maduka, keshokutwa ukumbi wa harusi.

Haikulazimika kuwa hivyo, na wapo walioonyesha. Vancouver, huko Kanada, tangu 1989 imechora mistari ya kutazamia kutoka madarajani, bustanini na barabarani kuelekea milima ya kaskazini mwa mji, na majengo marefu hulazimika kukaa chini ya mistari hiyo. London imelinda mwonekano wa kanisa kuu la Mtakatifu Paulo tangu miaka ya 1930. Kunitachi, pembeni mwa Tokyo, kuna barabara iliyopewa jina kwa sababu Fuji inaonekana mwisho wake. Mwaka 2024 jengo la ghorofa 10 lililokuwa karibu kabisa kukabidhiwa kwa wanunuzi liliziba mandhari hiyo, wakazi wakalalamika, na mjenzi akaamua kulibomoa. Angalia kinacholindwa katika mifano hii: barabara, daraja, bustani. Hakuna aliyehangaika na sebule ya mtu. Atakayesema Moshi si Vancouver, kwamba mji unaokua unahitaji nyumba kabla ya mandhari, ana haki juu ya nyumba, ila hajapiga hesabu. Moja kwa sita inafanya kazi pande zote mbili. Kama mita 3 na ushei zinatosha kuufuta mlima, basi kuziacha mita hizohizo mbele ya uwanja mmoja, soko moja, stendi moja na barabara mbili zinazoelekea kaskazini kunatosha kuurudisha kwa maelfu ya watu kila asubuhi, bila kumnyima mtu yeyote chumba cha kulala.

Kwa hiyo anayetafuta pa kuishi achague kwa mambo anayoweza kukabidhiwa: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, gari linapita masika au halipiti, jirani anaitika hodi usiku au anazima taa. Dalali akitaja Kibo, aombwe aiandike kwenye mkataba, na bei itashuka hapo hapo. Mlima wenyewe udaiwe kwa wenye uwezo wa kuukabidhi, yaani wanaopitisha ramani za mji. Na katika mkutano wa mtaa ujao, kabla ya ajenda ya taka, mtu mmoja asimame aulize ni barabara zipi zitaachwa wazi kuelekea kaskazini. Mjumbe atakayejibu kwamba hilo si jambo la msingi aulizwe kwa upole yeye anakaa ghorofa ya ngapi.